Maua Mengi, Miche Hakuna: Kusoma Mteremko wa Tulipu ya Greig

Mwanzoni mwa Mei, kwenye vilima vya chini vya Talas Alatau kusini mwa Kazakhstan, miteremko miwili inaweza kutazamana ng'ambo ya korongo moja. Mmoja umejaa maua mekundu makubwa hata majani hayaonekani kwa mbali. Wa pili una ua hapa na ua pale, na katikati ni majani matupu. Mpita njia ataupiga picha wa kwanza na kuusikitikia wa pili. Anayeijua tulipu hii atainama, atazame kilichomo kati ya maua, na mara nyingi hukumu itageuka: mgonjwa ni ule unaowaka.

Hali hii hujirudia popote tulipu hii inapoota karibu na vijiji na njia za mifugo, ndiyo maana tunaichambua hapa kama kisa kimoja. Swali lenyewe ni jepesi kuuliza: mteremko upi utakuwa bado na tulipu miaka 30 ijayo? Jibu halipatikani kwa kuhesabu maua.

Mmea unaohusika

Tulipu ya Greig, kwa jina la kisayansi Tulipa greigii, ilielezwa mwaka 1873 na Eduard Regel, mtaalamu wa mimea wa bustani ya St. Petersburg, akaipa jina la Samuel Greig aliyekuwa rais wa chama cha wakulima wa bustani cha Urusi. Wakazakh huziita tulipu qyzghaldaq, neno lenye wekundu ndani yake. Wauzbeki husema lola. Makao yake ni Tien Shan ya Magharibi na safu ya Karatau, katika Kazakhstan, Uzbekistan na Kirgizistan. Hifadhi ya Aksu-Zhabagly, iliyoanzishwa mwaka 1926 na iliyo kongwe kuliko zote za Asia ya Kati, ni mojawapo ya mahali inapoonekana vizuri zaidi, na tangu 2016 eneo hilo limo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na sehemu nyingine za Tien Shan ya Magharibi.

Kuitambua si kazi. Ina majani 3 hadi 5, mapana, ya kijani chenye ukijivu kana kwamba yamepakwa nta, yakiwa na mistari na madoa ya zambarau iliyokolea yanayofuata urefu wa jani. Kwenye vilima hivi alama hiyo karibu yatosha peke yake. Bua lina vinyweleo laini unavyovihisi kwa kidole, nalo kwa kawaida hubeba ua moja tu. Vipande vya ua ni 6, vitatu vya nje na vitatu vya ndani, vikifanana kiasi kwamba hakuna haja ya kutenga sepali na petali. Rangi ni nyekundu, ya chungwa au ya njano, na chini kabisa ndani mara nyingi pana doa jeusi. Ua halitoi nekta. Nyuki na mbawakawa hufuata chavua, na hupata pia mahali pa kujikinga, kwa kuwa ua hufunguka kwa joto la jua na kujifunga baridi ikirudi.

Mahali yenyewe ni miteremko ya udongo laini wa vumbi ulioletwa na upepo zama za kale, uliochanganyika na changarawe, kuanzia vilima vya chini hadi mita 2,000 na kitu juu ya usawa wa bahari. Majirani zake ni nyasi fupi kama Poa bulbosa, vichaka vya waridi mwitu na mlozi mwitu, mireteni, na mimea mirefu ya jenasi Ferula na Eremurus inayokuja kuchukua nafasi tulipu zikishamaliza. Mvua na theluji huanguka kipupwe na machipuo; kiangazi ni kikavu na kikali. Ukishaielewa kalenda hiyo ya maji, umeelewa karibu kila tabia ya mmea huu.

Wiki kumi za mwaka

Wengi hudhani tunguu la tulipu ni kama la kitunguu kilichosahaulika shambani: lipo pale pale, linanenepa kila mwaka. Sivyo. Tunguu la tulipu huishi msimu mmoja tu. Mmea unapotoa majani na ua, magamba ya tunguu la zamani huliwa mpaka yabaki makaratasi ya kahawia, na kando ya bua, kwenye kwapa la gamba la ndani kabisa, hukua tunguu jipya la kushika nafasi yake. Kwa hiyo kila machipuo mmea huweka rehani kila ulicho nacho, halafu una muda mfupi wa kukirudisha: tangu majani yafunguke hadi yawe manjano ni kama wiki 8 hadi 12, kutegemea mwinuko na mwaka. Majani yakipotea katikati ya muda huo, tunguu jipya hubaki dogo, na mmea uliochanua mwaka huu hurudi kuwa jani moja mwakani. Yakipotea mapema mno, hakuna tunguu la mwakani kabisa.

Baada ya hapo ni usingizi, ingawa ni usingizi wa nje tu. Ndani ya tunguu, wakati wa kiangazi, chipukizi la mwaka ujao hujiumba na ua lake likiwa kamili kwa udogo wake. Vuli ikileta unyevu, mizizi huota. Halafu huja baridi, wiki 12 hadi 16 za udongo wenye nyuzijoto chini ya 9 hivi, na bila baridi hiyo bua halirefuki. (Ndiyo sababu tunguu la tulipu likipandwa moja kwa moja Limuru au Lushoto hutoa majani mafupi na ua lililokwama ndani yake. Milima yetu ina usiku wa baridi lakini haina kipupwe cha miezi mitatu. Wanaolilazimisha hulitunza kwenye friji kwanza, mbali na ndizi na tufaha, kwa sababu gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda yanayoiva huua ua likiwa bado ndani.)

Jambo la pili la kushika ni kwamba tulipu ya Greig mwituni hutegemea mbegu. Zipo tulipu zinazotambaa chini kwa vijitawi na kufanya zulia la mimea iliyo pacha. Hii hutoa tunguu moja badala ya moja, na mara chache sana mawili. Kwa hiyo kila mmea mpya kwenye mteremko ulianza kama mbegu, na kila mwaka bila mbegu ni mwaka bila uzazi.

Mbegu ni bapa, za kahawia, zenye pembe butu tatu, zimepangwa kama sarafu katika safu sita ndani ya kifuko chenye vyumba vitatu. Kifuko kimoja kilichochavushwa vizuri hubeba mia na zaidi. Hukomaa Juni au Julai, kikapasuka kwa juu, kisha bua kavu hutikiswa na upepo na mbegu huanguka karibu na mama. Hazina mbawa za maana wala nyama ya kuvuta ndege. Hulala kiangazi, hunyonya maji vuli, hukaa kwenye baridi ya unyevu miezi miwili mitatu, na theluji ikiyeyuka huchomoza.

Kinachochomoza mwaka wa kwanza hakifanani na tulipu hata kidogo: ni uzi wa kijani wa sentimita chache, mviringo kama sindano ya kushonea, wakati mwingine ganda la mbegu likiwa bado limening'inia nchani. Chini ya ardhi uzi huo hufanya kazi kubwa kuliko umbo lake. Hutuma mrija kwenda chini, na kwenye ncha ya mrija huunda tunguu la ukubwa wa punje ya mchele. Mwaka wa pili na wa tatu hutoka jani moja jembamba na mrija mwingine hushusha tunguu chini zaidi. Huendelea hivyo, sentimita chache kila mwaka, hadi tunguu la mmea mkubwa likae kati ya sentimita 15 na 30, mahali ambapo joto la Julai halifiki kwa ukali na mkono wa mtu hauchimbi kwa urahisi. Kwenye bustani nzuri ua la kwanza huja baada ya miaka 5 hadi 7. Mlimani huchelewa zaidi, maana mwaka mmoja wa ukame waweza kumrudisha mche nyuma.

Zinaida Botschantzeva, aliyezichunguza tulipu hizi miaka mingi akiwa Tashkent, ni miongoni mwa waliofungua macho ya wataalamu kuhusu safari hii ndefu ya kutoka mbegu hadi ua. Utamaduni wa watafiti wa eneo hilo wa kugawa mimea kwa hatua za maisha, badala ya umri wa miaka, ndio unaotusaidia hapa.

Namna ya kuhesabu

Hakuna kuchimba. Tulipu hii imo katika Kitabu Chekundu cha Kazakhstan, na hata kama isingekuwemo, tunguu lililofunuliwa Mei ni tunguu lililoharibiwa. Kila kinachohitajika kiko juu ya ardhi, na vifaa ni rula ya milimita, kamba, fremu ya mita 1 kwa mita 1, misumari mirefu ya chuma ya kuacha alama kwenye pembe, kipima-mwinuko na dira.

Panga mistari miwili au mitatu inayokata mteremko kwa mlalo, si kwa kushuka, kwa sababu udongo wa juu na wa chini hautofautiani kwa bahati tu: wa chini una kina zaidi na maji hukaa. Weka kiraba, yaani eneo la fremu ile ya mita 1 kwa mita 1, kila baada ya mita 5, na jumla visipungue 25 kwa mteremko. Usichague mahali penye maua. Ukichagua, umeshajijibu kabla ya kuuliza. Hesabu ukiwa umepiga magoti nje ya kiraba, upande wa chini, maana uzi ulioukanyaga hauinuki tena.

Mimea igawanywe katika makundi manne: uzi, jani moja jembamba, jani moja pana, na mmea wenye majani mawili au zaidi, uwe na ua au usiwe nalo. Mpaka kati ya jembamba na pana usiokotwe hewani. Pima upana wa majani 50 ya mimea yenye jani moja pale pale mlimani, uyapange kwa ukubwa, uone yanapojigawa. Kwa kuanzia, sentimita 1.5 si mbaya. Mistari ya zambarau hujitokeza kadiri jani linavyopanuka, kwa hiyo jani jembamba lisilo na madoa lisitupwe nje ya hesabu kwa kosa hilo.

Sehemu inayowashinda wengi ni nyuzi. Kwenye kiraba kimoja kunaweza kuwa na vitu vitano vyembamba vya kijani, na kimoja tu ndicho tulipu. Vitunguu mwitu hujitoa vyenyewe: sugua ncha, nusa. Poa bulbosa ni nyasi, jani lake limekunjwa kama mtumbwi na huota kwa vishada. Crocus alatavicus, iliyochanua mapema theluji ikiondoka, ina mstari mweupe katikati ya jani. Gagea ndizo hudanganya zaidi, kwa kuwa ni ndugu za tulipu na huanza maisha vilevile. Njia salama ni kuhesabu kama uzi wa tulipu ule tu wenye ganda bapa la mbegu nchani au ulio ndani ya nusu mita kutoka kwenye bua kavu la mwaka jana, na kuandika wengine pembeni kama wa shaka. Hesabu itakuwa ndogo kuliko ukweli, lakini itakuwa ndogo kwa kiasi kilekile kwenye miteremko yote miwili.

Safari ni tatu. Ya kwanza wiki moja au mbili baada ya theluji kuondoka, kwa ajili ya nyuzi, kabla nyasi hazijazifunika. Ya pili wakati wa maua. Ya tatu wiki 6 hadi 8 baadaye, kuhesabu vifuko: vingapi vimejaa, vingapi vimesinyaa, vingapi vimeng'atwa. Wanaokwenda safari ya pili peke yake, na ndio wengi kwa kuwa ndiyo yenye picha nzuri, hurudi na takwimu isiyosema lolote.

Kuzisoma tarakimu

Tuseme viraba 25 vya mteremko wa kwanza vimetoa mimea 60 mikubwa, majani mapana 9, majani membamba 2, na uzi hakuna. Vya mteremko wa pili vimetoa mimea mikubwa 8, majani mapana 31, majani membamba 74 na nyuzi 140. Tarakimu hizi tumezitunga ili kuonyesha usomaji, si matokeo ya mahali fulani, lakini umbo lake ndilo linalokutwa.

Kila kundi ni kumbukumbu ya kipindi chake. Nyuzi zinasema juu ya matunda ya mwaka jana peke yake. Majani membamba yamekusanya vizazi vya miaka mitatu minne iliyopita. Majani mapana yanarudi nyuma zaidi, karibu muongo. Mimea mikubwa ni ya miaka mingi, kwa maana tulipu iliyofika kina chake huweza kuendelea kujibadilisha tunguu mwaka hadi mwaka bila kuonyesha uzee. Kwa hiyo pengo halisemi tu kwamba kuna tatizo. Linasema tatizo lilianza lini. Uzi kukosekana mwaka mmoja si habari, huenda baridi ya ghafla ya Aprili iliua maua ya mwaka jana. Majani membamba kukosekana ni habari kubwa, kwa sababu haiwezekani miaka minne mfululizo iwe ya bahati mbaya tu. Mapana yakiwa machache pia, uzazi ulikatika kama miaka kumi iliyopita, na kinachoonekana leo ni wazee wanaochanua bila wajukuu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mteremko wa pili una sura ya piramidi, na wingi wa nyuzi usimtie mtu wazimu wa furaha. Mmea mkubwa ukitoa mbegu 100 kwa mwaka na kuchanua mara 15 maishani, umetupa mbegu 1,500, na ili idadi isipungue wala kuongezeka inatosha mbegu moja tu ifike kuchanua. Vifo vya miche ni vya kawaida kabisa. Usipoiona miche yenyewe ndipo uogope.

Kuna mtego mmoja ambao huwaangusha hata wazoefu. Jani moja pana si lazima liwe kijana. Mmea mkubwa ulioliwa majani mwaka jana hurudi na jani moja, pana, lenye mistari iliyokolea, na kwa macho ya siku moja huwezi kuutenga na mche wa miaka sita. Dawa yake ni misumari: rudi kwenye viraba vilevile miaka mitatu, uweke kijiti cha rangi kando ya kila jani pana. Lililotoa ua ghafla mwaka unaofuata yaelekea lilikuwa mzee aliyepumzishwa. Ikiwa nusu ya mapana yako ni ya aina hiyo, mteremko wa pili nao haujasalimika. Unaliwa, ila kwa namna nyingine.

Na mahali tulipu ya Kaufmann inapoingia, yaani Tulipa kaufmanniana, jenasi moja lakini yenye majani yasiyo na madoa na ua linalofunguka bapa kama nyota, jitayarishe kukuta machotara. Hizi mbili hupandana mwituni, na chotara huweza kuwa na mistari hafifu. Yahesabiwe peke yake. Bustani za Uholanzi zimefaidi sana mchanganyiko huohuo, lakini kwenye hesabu ya mteremko huvuruga.

Nani amewachukua watoto

Washukiwa ni wachache, na kila mmoja huacha alama yake.

Wachumaji ndio hulaumiwa kwanza. Hapa inafaa kutofautisha vitu viwili. Anayekata kichwa cha ua peke yake huondoa mbegu za mwaka, lakini mmea hunufaika: wakulima wa matunguu huko Uholanzi hukata vichwa makusudi ili nguvu iende chini na tunguu linenepe. Lakini watu hawachumi hivyo. Ua la tulipu bila bua halikai kwenye chupa, basi huvutwa, na kwa kuwa majani ya tulipu yameshikamana na bua lenyewe, hutoka pamoja nalo. Mwakani mmea huo utakuwa jani moja, kama utakuwepo. Kwa hiyo uchumaji wa kukata vichwa huleta sura ya mteremko wa kwanza, wazee wanene bila watoto. Uchumaji wa kung'oa huleta majani mapana mengi yaliyorudi nyuma. Alama yake ya kijiografia ni wazi: tatizo huwa zito kando ya barabara na hupungua kadiri unavyopanda.

Kondoo na mbuzi ni shauri la tarehe kuliko idadi. Mifugo hupelekwa malisho ya juu ikifuata theluji inavyorudi nyuma, na safari hiyo huwapitisha vilimani wakati hasa maua yanageuka vifuko. Kifuko kibichi ni laini na kina maji. Huliwa kabla ya majani. Kundi likipita siku mbili tu mwishoni mwa Mei kila mwaka, laweza kufuta mbegu zote huku mimea mikubwa ikiendelea kuchanua kwa uzuri miaka kumi. Huu ndio mteremko wa kwanza, mara nyingi kuliko sababu nyingine yoyote. Safari ya tatu huthibitisha: mabua yaliyosimama, yamekatwa juu kwa usawa mmoja wa mdomo. Kundi hilohilo likipita Oktoba halidhuru kitu, kwa kuwa tulipu zote ziko chini ya ardhi.

Mshukiwa wa tatu huwashangaza watu wa uhifadhi. Mteremko uliofungwa kabisa kwa miaka mingi hujaa nyasi kavu. Mbegu bapa ya tulipu huanguka juu ya tandiko hilo badala ya udongo, uzi wake hauwezi kulipenya, nao hukauka Mei. Humo utakuta vifuko vimejaa vizuri na bado nyuzi hakuna, na hapo ndipo unapotenga sababu hii na ile ya kondoo. Penua tandiko kwa mkono nje ya kiraba. Likizidi sentimita 3 na mbegu zikiwa zimenasa ndani, umeshapata jibu.

Udongo huja mwisho. Njia za ng'ombe zilizokanyagwa huwa ngumu, mrija wa mche hukwama, na tunguu hubaki sentimita 3 au 4 chini ambako Julai huokwa kama kwenye tanuri. Hilo hutokea pia penye mwamba karibu. Fimbo nyembamba ya chuma ikichomwa nje ya kiraba hukuambia baada ya mara kumi: isipozama sentimita 15 kwa urahisi, usitarajie tulipu kubwa hapo hata mifugo yote ikiondoka.

Cha kufanya

Kwa mteremko wa kwanza, ikiwa alama ni za kondoo, hatua ya kwanza ni kuzungumza na wachungaji kuhusu tarehe, kabla ya kufikiria waya. Kinachohitajika ni kundi kupita upande mwingine wa korongo kuanzia maua yanapoanza kupukutika hadi vifuko vipasuke, wiki 6 au 7 hivi. Ikishindikana kila mwaka, mwaka mmoja kati ya mitatu ni afadhali kubwa, kwa hesabu tuliyoifanya hapo juu: mmea wa miaka mingi hauhitaji kufaulu kila mara. Malisho ya vuli yaachwe, hata yahimizwe, yasafishe nyasi kavu.

Ikiwa ni tandiko la nyasi, fyeka vipande vya mita 5 kwa 5 mwezi Septemba, uondoe nyasi zote, ukwaruze juu kwa reki bila kuzidi sentimita 2. Usichome moto penye mireteni.

Kupanda mbegu kwa mkono kunafaa pale tu wazee wamebaki wachache mno, na kunahitaji kibali. Kanuni ya wakusanyaji ni kutozidi moja ya tano ya mbegu zilizokomaa siku hiyo, zitoke kwenye mimea mingi kadiri iwezekanavyo, maana tulipu huzaa vizuri zaidi zikichavushwa na mwingine. Zitoke mteremko huohuo au wa jirani yake, wala zisitoke kwenye pakiti ya duka la bustani. Za dukani nyingi zina damu mchanganyiko. Zichukue kifuko kikiwa cha kahawia na kimeanza kufunguka kwa juu, uziweke kwenye mfuko wa karatasi, mahali pakavu, hadi Septemba. Shikilia mbegu dhidi ya mwanga: yenye kiinitete huonyesha mstari mweusi katikati, tupu huwa angavu kama ganda la samaki. Zipandwe kwa kina cha sentimita 1, mwishoni mwa Septemba au Oktoba kabla ardhi haijaganda, mbegu moja kila sentimita 5, kwenye udongo laini usio na nyasi nzito. Kumwagilia kiangazi ni kosa linalofanywa kwa huruma: tunguu changa kwenye udongo moto wenye maji huoza kwa kuvu.

Tulipu hazirudi kwa kasi ya kibali cha mradi. Malisho yakibadilishwa mwaka huu, nyuzi zitaonekana Aprili ijayo, majani membamba yataanza kujaza safu yake mwaka wa pili na wa tatu, na mteremko unaweza kuonekana vibaya zaidi kwa macho wakati huo, kwa kuwa wazee wanaondoka mmoja mmoja na vijana bado hawajachanua. Kwa kuwa mbegu huanguka karibu na bua, pengo la mita 20 lisilo na mzee hata mmoja halijazwi na upepo katika muongo mmoja. Viraba vilivyo pembezoni mwa pengo ndivyo vya kurudia kuhesabiwa kwanza.